Mzee Zenon na Askari wa Minza

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika maabara ya hospitali yetu hapa Sumbawanga, Mzee Zenon Simfukwe anavua rasmi koti jeupe tarehe 30 Juni mwaka huu. Sweta lililo chini ya koti hilo halivui. Kwa baridi hii ya Ufipa, hakuna aliyethubutu kumshauri.

Alitoka Mwimbi na sanduku la bati, akiamini kwamba hesabu ikikatizwa sharti ianze upya. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu chembe nyeupe za damu kwenye hadubini, mia moja kwa kila mgonjwa. Ukimwamkia akiwa kwenye hamsini, aliinua kidole ungoje. Akifika mia ndipo alipojibu marahaba, hata kama wewe ulishaondoka na aliyesimama mlangoni ni Mganga Mfawidhi, tena mkubwa wake kwa umri.

Lakini jina lake lilivuka geti la hospitali kwa sababu ya Minza, mama mfugaji wa Kasense. Saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye unyayo ilikuwa imefika mapafuni, na dawa hazikuizuia. Hospitali moja ya nje ya nchi ilikubali kumwingiza katika utafiti wa tiba mpya. Humo madaktari hukata kipande cha uvimbe, hutoa chembe za kinga zilizomo, huzizalisha hadi zifike mabilioni, kisha humrudishia mgonjwa mwilini.

Minza aligoma. Daktari akamwita Mzee Zenon, kwa kuwa chembe hizo anazijua kuliko majirani zake.

Mzee akamweleza kwamba chembe hizo ni sungusungu wa mwili, kama wale askari wa jadi wanaolinda kijiji. Hapo alijitafutia makubwa, maana Amos, mume wa Minza, ni kamanda wa sungusungu. Minza akauliza: kama askari hao wamekaa nyumba moja na wezi na wizi umezidi, si wamekwisha kuwa washirika wao? Mzee Zenon akasema, "Hapana, mama. Sura za wezi wanazijua, ila ni wachache na wamechoka. Wanatolewa, wanalishwa, wanaongezeka, ndipo wanarudi kazini."

Minza akakubali. Familia nayo ikaelewa, tena kupita kiasi. Kwao sungusungu wakiwa kazini hulishwa na wenye mji, hivyo asubuhi ya safari Amos alifika maabara na madebe mawili ya unga na mbuzi. Mzee Zenon alimweleza kwa upole kwamba askari hawa hulishwa maji maalumu ndani ya chupa. Amos alisikiliza kwa adabu zote, akamfunga mbuzi nyuma ya maabara.

Mbuzi yule alikaa nasi miezi mitatu. Alikula maua ya Matroni, ncha ya pazia, na fomu ya likizo ya Mzee Zenon. Mzee akatangaza kwamba likizo imeliwa, basi, anabaki kazini. Fomu nyingine zilikuwa tele kabatini, na ufunguo ninao mimi, Scola, mwenzake wa maabara. Ukweli ni kwamba Mzee alikuwa anangoja habari za Minza, na alikuwa na hofu. Sote tulikuwa nayo.

Amos alipopiga simu maabara, Mzee alikuwa kwenye sabini na tatu. Aliinuka akaipokea. Madoa ya mapafuni yalikuwa yamesinyaa, na mawili hayakuonekana kabisa. Madaktari walitahadharisha kwamba si wote wanaopata matokeo hayo, na hadi leo Minza huenda kupimwa. Hiyo ndiyo hesabu pekee tuliyowahi kumwona akiiacha njiani. Alijaribu kuianza upya, machozi yakamzuia kuona, nikaimalizia mimi.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kwamba nyuma ya kila tone la damu kuna mtu anayengojwa nyumbani. Tunakuombea afya, usingizi mnono na shamba la maharage lisiloingiliwa na mbuzi.

Minza ametuma salamu kwamba siku ya hafla ya kukuaga atakuja na debe la unga. Tulipomkumbusha kwamba askari wake walikwisha shiba, alijibu, "Hili ni la aliyewahesabu. Askari akimaliza zamu, naye hulishwa."

Shikamoo, Mzee Zenon. Safari hii huna cha kuhesabu. Tujibu papo hapo.