Waya Mwekundu wa Valiant

Sogeeni, wanangu. Lorelle, kaa hapa kitandani, na wewe Darryl zima hiyo redio ya kriketi, maana nina maneno niliyoyakalia miaka kumi na tisa, na muuguzi ameniambia leo asubuhi, bila kunificha, kwamba simalizi wiki. Msinikatize. Mkinikatiza nitaogopa, na nikiogopa nitanyamaza, kama nilivyonyamaza siku zote.

Nyumba hii ni ya Lorelle, aliyenilisha na kuniogesha tangu miguu iliponiishia. Banda, jeki, mashine ya kukerezea na spana zote ni za Darryl. Karatasi ziko kwa mwanasheria pale Peterborough, msigombane. Lakini siyo hayo niliyowaitia. Jana, Darryl, uliingia hapa mikono imejaa grisi, unacheka, ukasema, "Baba, Valiant imewaka! Distributa ya elektroniki nimeifunga kwa kufuata daftari lako, mstari kwa mstari." Halafu ukasema Jumamosi utawapakia wanao wawili uwapeleke Adelaide. Tangu saa ile sijapata usingizi. Usiliendeshe gari hilo, mwanangu. Daftari langu lina kosa, na kosa hilo ndilo lililomuua mama yenu.

Kaa chini, Darryl. Nimesema kaa.

Mnaijua habari kama nilivyowapa mimi: baba yenu mdogo Ross alikuwa akimpeleka Noreen hospitali kuangaliwa nyonga aliyopasuliwa, alikuwa amelewa, akalizima gari juu ya reli, akaruka kujiokoa, treni ya ngano ikamkuta mama yenu peke yake. Nimeirudia habari hiyo mpaka nikaifahamu kuliko jina langu, na ni uongo.

Ile Valiant ya kwanza, ya kijani, aliyofia mama yenu, niliifumua injini nzima nikaifunga upya kwa majira mawili ya baridi, pistoni, ringi, vali, kila kitu, na mwisho nikasema sitaki tena kuhangaika na pointi, vile visahani vya kukata na kuunga umeme, vinavyoungua kila mwaka, nikaagiza distributa ya elektroniki, yaani, Lorelle, kile kifaa cha kugawa cheche kwenye plagi. Siku ya kuifunga Ross alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai. Nilipandisha pistoni ya kwanza juu, nikatia alama pale rota, ule mkono unaozunguka ndani yake, inapotazama, nikachomoa distributa ya zamani, mpya ikaingia na rota ikakaa palepale. Kazi safi. Ukabaki waya mwekundu. Kwenye ukuta wa nyuma ya injini pana kigae cheupe cha kauri, kazi yake kupunguza umeme ili pointi zisiungue, na hii distributa mpya haina pointi, inataka umeme kamili wa betri. Ross alikuwa ameishika karatasi ya maelekezo.

"Merv," akasema, "wameandika huu waya usipitie kwenye kigae."

Nikamjibu, "Umekata manyoya ya kondoo maisha yako yote, leo umekuwa fundi umeme? Kunywa chai yako."

Akacheka. "Haya, bwana mkubwa."

Nikaufunga kwenye koili inayokuza umeme, baada ya kigae, pale umeme umeshapunguzwa, kwa sababu hapo ulifika bila kurefushwa. Sababu ilikuwa hiyo tu, wanangu, hakuna nyingine. Gari likawaka mara moja, likanguruma vizuri, nami nikachora kwenye daftari vilevile nilivyofunga. Ulikuwa mwezi wa Agosti, baridi, na kwenye baridi halisumbui.

Januari ikaja, joto digrii arobaini na nne. Nilifika pale relini nikamkuta Ross ameketi kwenye kokoto, mkono umefungwa shati la polisi, anasema neno lilelile kama mtu aliyepagawa: "Nikishika ufunguo linawaka, nikiuachia linazima. Nikishika linawaka, nikiachia linazima." Polisi hakumwelewa. Mimi nilimwelewa palepale. Ufunguo ukiwa kwenye starta umeme haupiti kwenye kigae. Ukiuachia unarudi humo, na kwa joto lile kigae kilikuwa kimeubana mpaka ukakosa nguvu. Hakuruka kujiokoa. Alizunguka upande wa mama yenu, mkanda ulikuwa umemnasa nyongani, akavuta na kuvuta huku treni inapiga honi, hakuacha mpaka ilipomnyang'anya. Ndipo vidole vyake vilipokatika.

Mabaki ya gari yaliletwa uani kwangu kabla mkaguzi hajayaona. Nilikifungua kigae, nikakitupa kwenye shimo la machimbo ya zamani, waya nikauhamisha mahali pake. Kisha nikasimama mbele ya hakimu nikasema, "Mdogo wangu alikuwa amekunywa." Bia moja, na chakula cha mchana, na mimi ndiye niliyemfungulia. Ross alinitazama. Alijua, na hakusema, akaniachia niseme mwenyewe. Siku ya mazishi, Lorelle, ulimtemea mate usoni, nami nikakushika bega kana kwamba umefanya jema. Ross akauza kondoo akahamia Esperance, mbali huko magharibi, na tangu hapo kila simu ikilia humu ndani nimejua ni yeye, kwamba leo ndiyo siku ameamua kusema.

Sikuogopa jela. Niliwaogopa ninyi. Mlikuwa mmebaki na mzazi mmoja, nikaona bora mumchukie yeye kuliko mimi, na hata sasa, Lorelle, siwezi kukutazama. Usiuondoe mkono wako. Au uondoe, ni haki yako.

Nipeni maji. Kidogo.

Darryl, shika haya kabla sauti haijaniisha. Toa kigae. Waya mwekundu uchukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye swichi, na koili iwe ile iliyokuja na distributa. Pima umeme injini ikiwa imewaka na imepata moto, siyo baridi kama ulivyopima jana. Daftari lichome. Na kisanduku cha spana cha babu yenu, kile cha mbao, sikukihesabu katika zako, mpelekeeni Ross.

Hakimu mwandikieni. Nitaweka sahihi nikiwa bado... nikiwa na mkono.

Mungu awape safari zenye kufika. Awape watoto wasiowaogopa, na ninyi msiwaogope. Awasamehe kwa kunipenda. Nimechoka, kifua kinabana, lakini bado moja. Lorelle, namba ya Ross iko nyuma ya picha ya harusi yetu, nimeiweka hapo muda wote. Piga. Piga sasa, usilie kwanza. Niwekee simu sikioni, mimi siwezi kuishika.

Inaita.

Ross? Ross, ni mimi. Ni Merv. Usikate... watoto wapo hapa, wananisikia.