Homa Iliyoitwa Uchovu

Mchungaji, wazee wa kanisa, vijana wa mtaa mliochimba kaburi tangu alfajiri, madaktari na wauguzi mliokaa upande ule, wafugaji na wauza nyama mliokaa upande huu, familia inawasalimu nyote. Kwa kuwa tangu jana kuna maneno yanapita chini chini humu nyumbani, wengine wakisema nguruwe ndio waliomuua mtoto wetu na wengine wakisema ni hospitali, familia imemwagiza mjomba wake asome historia hii taratibu, bila kuruka mahali, ili kila mtu akiondoka hapa awe amesikia jambo moja.

Marehemu Dkt. Ramdinmawii, ambaye wengi mlimwita Mawii, alizaliwa tarehe 9 Machi 1993 mjini Serchhip, akiwa mtoto pekee wa marehemu mzee Hrangchhuana, mfugaji wa nguruwe, na mkewe Thangzuali, huyu aliyeketi hapa mbele. Alianza shule ya msingi hukohuko Serchhip, familia ikahamia Aizawl, hapa mtaani Hmarphai, mwaka 2004, akamaliza sekondari mwaka 2010, na mwaka uliofuata akapata nafasi katika chuo cha udaktari mjini Imphal. Baba yake alipofariki mwaka 2015 wengi walidhani masomo yamefika mwisho, lakini mama akalishika banda peke yake, na Mawii hakuona haya kuwaambia wenzake wa chuo, watoto wa wakubwa, kwamba ada yake inakula pumba na inalala matopeni.

Alihitimu mwaka 2017, akapangiwa kituo cha afya kijijini wilayani Champhai, akakaa huko hadi mwanzoni mwa 2022, na watu wa huko wamesafiri usiku kucha kuja kumzika. Tarehe 6 Desemba 2018 alifunga ndoa na Bwana Remlala, fundi wa magari, na tarehe 2 Septemba 2020 Mungu akawajalia mtoto wa kiume, Muanpuia, tunayemwita Puia, ambaye bado anauliza mama yake atatoka zamu lini.

Mwaka 2021 homa ya nguruwe ilipita mtaani kwetu, ikalikomba banda lote la mama, na mama yetu, aliyemzika mume wake akiwa amesimama wima, safari ile alikaa chini. Kwa hiyo Februari 2022, Mawii alipochaguliwa kuanza mafunzo ya miaka mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani katika Hospitali ya Kanaan, mwezi uleule alileta majike wanne na dume mmoja, akawaweka kwenye banda la baba yake. Familia ilimwita ikamkalisha, mjomba wake akamwambia wazi kwamba mshika mawili moja humponyoka, naye akajibu kwa upole uliotuudhi sote, "Mjomba, hawa ndio walionisomesha. Mtu akikusomesha, ukipata kazi unamtupa?"

Hapo ndipo ilipo siri ya kifo chake, na tunaomba mtusikilize. Homa ile ya nguruwe haimpati mtu, lakini husafiri ndani ya makombo ya jikoni na kwenye viatu vya watu, na Mawii, kwa kuwa alikuwa daktari, aliiogopa kuliko sisi. Alikataa makombo ya hotelini, alikataa majani yaliyokatwa na mtu mwenye banda lake, mlangoni aliweka beseni la dawa ya kukanyaga, na aliyekuja kuazima ndoo aliishia getini, hata akiwa shemeji. Majani ya nguruwe wake aliyakata mwenyewe, kwenye mteremko wa baba yake nyuma ya nyumba, kabla ya kwenda zamu au baada ya kutoka, maana mama magoti hayamruhusu tena kupanda, na humo majanini alikuwa akiingia mpaka kifuani.

Wodini walimtania, na hatusemi kwamba walimchukia. Akiingia, mmoja huvuta pumzi na kusema, "Leo wodi inanukia Krismasi," naye huwajibu, "Desemba mtakuja wenyewe na sahani," na kweli walikuja, kwa sababu nyama ya karamu ya Krismasi ya mtaa huu, mwaka jana, ilitoka bandani kwake.

Mwezi wa Septemba mwaka huu jike mmoja alikwama kuzaa, Mawii akakosa makabidhiano ya zamu ya asubuhi, na mkuu wa idara, Dkt. Sangkhuma, ambaye yuko nasi hapa na ametupa ruhusa ya kusema haya, alimsimamisha mbele ya wenzake, akamwambia, "Mawii, njia mbili zilimshinda fisi." Mtoto wetu, ambaye ulimi haukuwahi kumkaa kinywani, akasema, "Mkuu, fisi alikuwa na tamaa, mimi nina ratiba." Wodi nzima ilicheka isipokuwa mkuu, na mkuu akasema kwamba wagonjwa hawawezi kungoja nguruwe wazae, kwamba akikosa zamu tena, hata moja, atachagua yeye ni daktari au ni mfugaji, na asipochagua atachaguliwa. Kuanzia siku ile Mawii hakukosa zamu, wala hakuchelewa, wala hakula mezani pamoja nasi, na kila simu ilipolia nyumbani alishtuka kabla hajaigusa, na mume wake Remlala alianza kulala na ufunguo wa pikipiki mkononi ili mkewe asije akachelewa.

Tarehe 17 Oktoba alipata homa. Remlala alimshika paji la uso akamwambia, "Mama Puia, mwili unawaka, leo usiende," akajibiwa, "Nikilala leo, kesho watasema nguruwe wamenishinda," na akaenda. Akaenda na siku zilizofuata, akimeza vidonge vya kushusha homa kabla ya kupanda ngazi za wodi ili asionekane akitetemeka, na akirudi anapanda mteremko kukata majani, huku mama akimfuata kwa macho kutoka dirishani na kuomba. Wenzake waliona, kwa kuwa si vipofu, wakamtundikia dripu kwenye chumba cha chai, akiwa amekaa na koti lake, wakamuuliza analala saa ngapi, wakamwambia, "Wauze hao nguruwe, utapona kesho," wakacheka naye akacheka.

Ndugu waombolezaji, katika milima yetu, nyasi zinapokomaa baada ya mvua, kuna utitiri mdogo usioonekana kwa macho, ukimuuma mtu humwachia homa kali na kigaga kidogo cheusi mahali ulipong'ata, mara nyingi penye kificho, na kigaga hicho kikionekana mapema dawa yake ipo na ni rahisi. Mawii aliwafundisha hayo madaktari wachanga wote waliopita mikononi mwake, akiwaambia mgonjwa wa homa msimu huu avuliwe nguo, akaguliwe mwili mzima, hata akiwa mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji wangemkagua. Mwenzao hawakumkagua, kwa sababu walimheshimu, na kwa sababu kila mtu, na yeye mwenyewe akiwemo, alikuwa tayari na jina la ugonjwa wake, na jina hilo lilikuwa uchovu.

Ijumaa tarehe 27 Oktoba alianguka katikati ya wodi akiwa ameshika faili la mgonjwa. Dkt. Sangkhuma ndiye aliyemnyanyua, ndiye aliyeamuru pazia livutwe na muuguzi amkague, na muuguzi akakikuta kigaga chini ya titi la kushoto. Dawa ilianza saa ileile, lakini mapafu na figo vilikuwa vimekwisha kuelemewa. Jumamosi alipata nafuu kidogo, akamwona mkuu wake amesimama kando ya kitanda, akamwambia, "Mkuu, zamu ya leo nimeikosa. Sasa nichagulie." Mkuu akamjibu, "Utachagua mwenyewe ukipona." Hakupona. Alifariki Jumatatu tarehe 30 Oktoba 2023, saa kumi jioni, mume wake akiwa amemshika miguu na mama yake akiwa amemshika kichwa.

Basi wanaouliza nani alimuua wamesikia. Familia haina kesi na mtu, wala na mnyama. Lakini tumeumia, na hatutajifanya hatukuumia, kwa hiyo ninyi wa upande ule tunawaomba neno moja tu: mwenzenu akiwaambia amechoka, mvueni koti mumtazame.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Kanaan waliokesha naye siku zile za mwisho, na damu mliyomtolea tunaijua. Inawashukuru majirani wa Hmarphai kwa kuni, kwa chai na kwa kutotuacha peke yetu hata usiku mmoja, wafugaji ambao tangu Ijumaa wamewalisha nguruwe wake na kukanyaga dawa mlangoni kama alivyotaka, vijana wa kaburi, kwaya, na wageni wa Champhai.

Neno la mwisho ni la mama. Jana fundi wa jiwe la kaburi alikuja kuuliza kazi ya marehemu, akasema nafasi iliyopo inatosha neno moja, wazee wakamwambia aandike daktari na fundi akaanza kupima. Mama Thangzuali akasema, "Andika daktari, na chini yake andika mfugaji. Nafasi isipotosha, katafute jiwe kubwa."

Jiwe limepatikana, wanalichonga sasa hivi. Pumzika kwa amani, mwanetu. Hukuchagua, na sisi hatukuchagulii.