Silabi Sita za Dicotylédone

Mtihani wa Kiserikali wa Matamshi Sahihi ya Istilahi za Mimea kwa Waombaji wa Nafasi Moja ya Kumwagilia Maua. Hilo ndilo jina kamili, lenye mihuri mitatu, la shughuli iliyomleta Adalbert kwenye benchi letu la mtaa wa Kamalondo mwaka 1961, Katanga ikiwa imejitenga na serikali ya Léopoldville, ina bendera yake, stempu zake na hamu kubwa ya mihuri. Adalbert alikuwa na miezi saba bila kazi, na mkewe alikuwa mjamzito. Kesho yake angetakiwa kutamka *dicotylédone*, jina la Kifaransa la mmea ambao mbegu yake ina vipande viwili, silabi kwa silabi. Mama Albertine, mwenye nyumba, alituletea birika la kahawa. Sisi tulileta elimu.

— Piga makofi kama kwa bapère, kule kanisani, akasema Kantiki, mwimbaji wa parokia. Di, co, ty, lé, done. Makofi tano, basi.

— Tano? akacheka Chef-de-Gare, fundi wa reli. Ndugu, ile neno iko treni. Locomotive mbele: dico. Mavago nyuma: tylédone. Ukiikata bipande tano, itaanguka mbele ya kufika Kamina!

— Na ile "done," akauliza Adalbert, iko moja ao mbili?

— Kule Léopoldville iko moja, akajibu Ministre, aliyewahi kufagia wizarani siku kumi na moja. Njo maana siye tutasema mbili. Do-ne! Tuko na inchi yetu, mon vieux, tutakuwa na silabi yetu. Sita. Na kwa ya tatu unasimama garde-à-vous, kama askari.

— Bakinikatala?

— Batakukatala ukisema tano! Batasema uko espion, mupelelezi wa Léopoldville.

Adalbert akapiga makofi sita, ya tatu akiwa wima kama mlingoti. Jasho lilimtoka. Ministre alimpa alama nane kati ya kumi.

Wivine, mshonaji wa nyumba ya pili, alikuja na kikombe chake, akaichukua barua ya mwito wa mtihani iliyokuwa mapajani mwa Adalbert.

— Yaya Adalbert, kaka yangu, banasema ulete nini?

— Kalamu, na jina la muji wa nkambo, kule babu alizaliwa.

— Sasa muji wa nkambo yako itamwangia maua maji namna gani?

Kantiki akatazama viganja vyake. Ministre akainua birika, lilikuwa tupu.

Asubuhi, tume ya mtihani ilianza na nkambo. Adalbert, mzaliwa wa Kamalondo, akataja kijiji cha Kasai, nje ya Katanga, ambako serikali iliona kila mtu ni adui. Neno hawakumuuliza. Kazi alipewa mtu mwingine.