Alama Nyeupe ya Muadhini

Anayetaka kujua dunia inaendaje asisumbuke na redio. Aje Kasongo, akae kwenye barza ya Mama Mado kati ya alasiri na magharibi. Hapo pana benchi moja refu, birika la kahawa ya tangawizi, na wanaume watatu ambao hawajawahi kukubali kwamba kuna jambo wasilolijua. Wa kwanza ni Zuberi, aitwaye Kilo Moja, kwa sababu aliwahi kuchimba dhahabu Salamabila, na ile aliyoipata inaongezeka uzito kila mwaka. Wa pili ni Hippolyte, mwalimu mstaafu, ambaye mji mzima unamwita Prefe ingawa hakuwahi kuongoza shule hata kwa siku moja. Wa tatu ni mzee Kasimu, muadhini wa msikiti, na sauti yake ndiyo iliyompa jina la Antena. Jioni hiyo Antena alikuwa na neno la kumwambia imamu, na lilimkaa kooni tangu asubuhi.

— Antena, kahawa yako inalala? aliuliza Kilo Moja.

— Naiacha ipoe.

— Weye? Mutu wa kunywa kahawa ikichemuka?

Kasimu alitoa mkebe wake mfukoni, akamimina kiganjani tumbaku iliyosagwa pamoja na jivu la maganda ya ndizi, akamgawia Kilo Moja fungu lake kama kawaida yao, kisha akapachika donge lake ndani ya mdomo wa chini, palepale lilipokaa kwa miaka thelathini. Lilimchoma mpaka machozi yakamlenga.

— Kuna alama nyeupe humu ndani, alisema hatimaye. Haitoki, na sasa inachoma. Leo namwambia imamu atafute mwingine wa kuadhini.

Mama Mado aliweka birika chini.

— Na sisi tutaamushwa na nani?

Kasimu hakuwa amemwambia mtu, hata mke wake. Alikuwa anaogopa, basi. Alimwona shemeji yake wa Nyangwe akiliwa shavu na saratani mpaka akashindwa kumeza uji, na tangu aione alama yake kwenye kioo cha kunyolea, usingizi ulimhama.

— Tujue kwanza ni kitu gani, alisema Prefe. Ni dawa ya meno. Hizi za siku hizi si dawa, ni sabuni.

— Situmii dawa ya meno. Napiga muswaki wa muti.

— Basi ni ule muti.

Kilo Moja alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Prefe, ulifundisha watoto gani weye? Ni zebaki! Kule Salamabila dhahabu wanaikusanya na zebaki, na mapikipiki inakuja nayo mu vumbi. Antena anafungua kinywa mara tano kwa siku. Yote inaingia!

— Weye ulikuwa unaishika na mikono. Mbona uko muzima?

— Mie nilizoea.

Prefe si mtu wa kushindwa na mchimba dhahabu. Alimgeukia Kasimu.

— Ilianza lini?

— Mbele ya Ramadhani. Kiisha, mu mwezi wa mufungo, ikapungua, ikabaki ndogo sana, nikamushukuru Mungu. Nyuma ya Idi ikarudi.

— Tende! Kilo Moja aliruka. Dawa ni tende!

— Tende tulikula siku mbili, zikaisha.

— Ngoja, ngoja, alisema Prefe, na macho yalimwaka. Ramadhani, jenereta ya musikiti si ilikuwa imekufa?

— Njo, ilikufa.

— Uliadhini na nini?

— Na kinywa tu.

— Na nyuma ya Idi wakaitengeneza?

— Wakaitengeneza.

Prefe alisimama kama aliyekuwa mbele ya ubao.

— Ni mikro! Mate ni maji, na maji inapitisha umeme. Kila ukiadhini, umeme inatoka mu mikro, inaruka, inakupiga mudomo!

Kilo Moja alijipiga paja.

— Prefe, leo umesema. Ile alama ni kovu ya umeme.

Watu hao wawili walikuwa hawajakubaliana tangu benchi hilo lipigiliwe misumari, kwa hiyo Kasimu aliona lazima kuna ukweli ndani yake. Isitoshe, alitamani liwe kweli. Kipaza sauti unaweza kukiacha ukaendelea kuishi. Moyo ulimuuma kwa kuwa adhana ndiyo kitu pekee alichokifanya vizuri maishani, lakini ni heri aikose adhana kuliko kufa kama shemeji yake. Aliinuka, akatengeneza kofia yake ili aende kwa imamu.

— Baba, samahani.

Aliyesema ni dada mmoja aliyeketi pembeni, ambaye alikuwa ameshuka pikipiki iliyotoka Wamaza, nguo zote vumbi. Alikuwa amekunywa kikombe chake kimya tangu habari ya zebaki.

— Ule mwezi wa mufungo, muliacha nini kingine?

Prefe alimtazama Kilo Moja, Kilo Moja akaitazama kahawa yake. Kasimu alibaki amesimama, na ulimi wake ukagusa donge lililokuwa mdomoni. Mwezi ule mzima hakulipachika hata usiku, maana aliona haya kwenda kutematema wakati wenzake wamepanga safu za tarawehe.

— Weye ni nani, binti? aliuliza Mama Mado.

— Naitwa Esther-Divine. Niko natumika kazi ku labo, maabara moja ya Kisangani. Nanunua tumbaku mu masoko, kutoka Kabambare mupaka hapa.

— Ya kutumia?

— Ya kupima, mama. Tunachukua seli za shavu, vipande vidogo sana vya mwili, macho haivioni. Tunaziweka mu chupa, tunazilisha, zinaishi. Kiisha tunazimwagia maji ya tumbaku. Kila seli iko na maagizo ndani yake: sasa ongezeka, sasa acha. Sumu ya tumbaku inajibandika ku yale maagizo, inayaharibu. Siku moja seli haijui tena kuacha. Inaongezeka, inaongezeka. Njo kansere.

— Na jivu? aliuliza Prefe, kwa sauti ya mwanafunzi.

— Jivu inaifungulia mulango. Tumbaku inaingia haraka mu damu, njo maana inapendeza.

Kasimu aliketi tena taratibu.

— Basi niko na kansere.

— Sikusema vile, baba. Mie si dokta, na macho tu haitoshi. Ku hospitali watakata kipande kidogo sana, watakitazama ku mikroskopi. Lakini alama yenu ilipungua! Mulipoacha, mwili ilianza kujitengeneza. Kitu tunatafuta mu chupa miaka tatu, mumeshakifanya wenyewe ku mudomo.

Kasimu hakujua acheke au alie. Miaka thelathini alikuwa amelilea donge hilo mwenyewe, halafu karibu aisingizie mikro ya watu. Lakini kulikuwa na furaha pia, na ilikuwa kubwa kuliko hasira. Alikwenda kando ya barabara, akatema, akasukutua kwa kahawa yake iliyopoa, akarudi.

— Kesho asubuhi naenda hospitali, alisema.

— Na imamu? aliuliza Mama Mado.

— Imamu atanisikia magharibi, nikiadhini.

— Kwa hiyo mikro haina kosa, alisema Prefe kwa huzuni.

Mama Mado alicheka, dada akacheka, Prefe mwenyewe mwishowe akacheka. Ndipo Kasimu akaona kwamba Kilo Moja hacheki. Alikuwa ameipa barabara mgongo. Polepole alivuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akamwelekea yule mgeni.

— Dada, alisema. Hii yangu iko na miezi nane.

Hakuna aliyemuuliza habari ya zebaki. Kasimu alisogea kwenye benchi mpaka mabega yao yakagusana.

— Saa mbili kamili, Zuberi, alisema. Napita kwako, tunaenda wote.