Kaboni Moja, Hidrojeni Mbili, Oksijeni Moja

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, limeegemea ukuta wa kinyozi, hatua chache tu kutoka jiko la muuza kahawa. Hapo, kila alasiri, mambo yaliyowashinda wenye ofisi yalimalizwa kabla jua halijazama, na kesho yake yakaanza upya, maana hakuna aliyekumbuka kuwaarifu wenye ofisi. Kinyozi walimwita Daktari, kwa kuwa alishika wembe na hajawahi kutajiwa ugonjwa asiojua dawa yake. Mheshimiwa alikuwa karani mstaafu aliyegombea udiwani akapata kura zisizojaza benchi. Wa tatu ni fundi wa makochi, wao wakimwita Sponji, na siku hiyo Sponji alifika na uso wa mtu aliyemeza kifungo.

Kilichomsibu ni kemia. Mkewe alikuwa msafishaji katika maabara ya hospitali. Miaka yote aliosha vichupa bila kujua kilichokuwamo, hadi akachoka kutojua, akajiandikisha masomo ya jioni ili siku moja akae upande wa pili wa ile meza. Sponji hakumkataza. Alifanya kibaya zaidi: alimwambia kemia ni rahisi, kwamba yeye shuleni aliitafuna kama karanga. Ukweli ni kwamba Sponji aliacha shule kabla kemia haijafika, na katika ndoa yao yote hapakuwa na mtu wa kumuumbua. Sasa yupo. Asubuhi hiyo mkewe, akijifunga kilemba, alimsomea swali lililomkosesha usingizi. Sponji alisikia mwanzo wake, akasema hilo ni rahisi, atalieleza jioni, akatoka akiburuta viatu.

Sasa hapo bencheni akachukua chaki yake ya kukatia vitambaa, akaandika kwenye ubao wa benchi: CH₂O. Akawaambia wenzake kwamba hiyo ni fomula ya uwiano, na kinachotakiwa ni fomula ya molekuli.

Daktari aliitazama kwa namna anavyotazama kichwa chenye mapunye.

— Hiyo H na O ni maji, hata mtoto anajua. Na kaboni ni mkaa. Mkaa ndani ya maji. Umemaliza.

— Nimemaliza nini? Sponji akauliza.

— Hiyo ni chai ya rangi, bwana. Mwambie shemeji ni chai ya rangi.

Muuza kahawa alipinga. Kama ni kitu cheusi ndani ya maji, basi ni kahawa, na angependa ijulikane kwamba ameiuza miaka yote hiyo bila fomula na hakuna mteja aliyelalamika. Daktari akamjibu kwamba wateja hawakulalamika kwa sababu hawakujua wanakunywa nini.

Mheshimiwa alisubiri watulie, kama anayesubiri kipaza sauti. Kwake yeye neno zito hapo lilikuwa uwiano. Alieleza kwa kirefu kwamba uwiano si idadi. Ukiambiwa kwa kila kura moja ya huyu kuna mbili za yule, hujaambiwa walipiga kura watu wangapi. Wanaweza kuwa watatu, wanaweza kuwa elfu tatu. Ndivyo alivyonyang'anywa udiwani, kwa uwiano. Kwa hiyo fomula ya kweli ipo, ila imefichwa huko juu.

— Imefichwa na nani? Sponji akauliza.

— Hao hao.

La ajabu ni kwamba nusu ya maneno hayo yalikuwa sahihi, na kama angenyamaza hapo angeingia kwenye historia ya benchi. Hakunyamaza. Alisema dawa ya uwiano ni kuzidisha, basi wazidishe. Daktari akataka wazidishe kwa mbili. Mheshimiwa akataka kwa mia, kwa kuwa molekuli ni kitu kikubwa. Daktari akaonya kwamba ukizidisha kupita kiasi kitu hulipuka. Kuna nduguye aliyewahi kuzidisha dawa ya nywele, hadi leo anavaa kofia. Sponji aliandika kila jibu kwa chaki. Ubao ukajaa.

Hakumwona mkewe akija. Alikuwa njiani kwenda darasani, mkoba begani, mikono bado inanuka sabuni ya hospitali. Alisimama akausoma ubao wote, toka chai ya rangi hadi mara mia.

— Shikamooni, alisema. Na uzito wake mmeuweka wapi?

— Marahaba, shemeji, Mheshimiwa alijibu. Uzito wa nani?

Wakamgeukia Sponji. Sponji akaitazama chaki.

— Uzito wa molekuli, mkewe akasema. Ulikuwa kwenye swali, mia na themanini. Bila huo hamwezi kujua ni kitu gani. Uwiano huu mmoja ni wa dawa ya kuhifadhia maiti, ni wa asidi ya siki, tena ni wa sukari ya damu.

Muuza kahawa alilisogeza kando bakuli la sukari taratibu. Daktari alisema hilo la uzito ndilo alilokuwa anataka kulisema.

Mke wa Sponji hakuwa akiwatazama hao.

— Mume wangu, kwa nini hukuniambia tu kwamba hujui?

Mheshimiwa alichungulia kikombe chake.

— Sikufika kwenye kemia, Sponji alisema. Niliacha shule kabla. Niliogopa utaniona si kitu.

— Na mimi kila uliposema rahisi, nilijiona si kitu. Jana nilitaka kuacha masomo. Nilisema, kama kwa mwenzangu ni karanga na mimi inanishinda, basi mjinga ni mimi.

Sponji alifuta ubao kwa mkono wa shati, wote, akabakiza CH₂O, kisha akasogea na kumpa chaki. Daktari naye akasogea, na mwanamke akakaa mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukaa. Akaandika akieleza polepole: kaboni kumi na mbili, hidrojeni mbili ni mbili, oksijeni kumi na sita, jumla thelathini. Mia na themanini ugawe kwa thelathini, unapata sita. Basi kila kimoja mara sita: kaboni sita, hidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita. Sukari.

— Mara sita, Mheshimiwa alinung'unika. Mimi nilikuwa karibu.

Sponji aliuchukua ule mkoba, wakaondoka pamoja kuelekea darasani. Njiani alimuuliza leo wanafundishwa nini. Mkewe akataja mada yenye jina refu, kisha akakiri kwamba amelisoma somo lile mara tatu na hajaambulia chochote.

Ulimi wa Sponji ulikwishajiandaa kusema ni rahisi. Akaumeza.

— Hata mimi silijui, alisema. Nieleze hapo ulipokwama.

Mkewe akapunguza mwendo, akaanza kueleza.