Mzee Sikio, Mtunza Kinanda cha Kanisa Kuu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake nawasomea habari za kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Sikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa kuu hili, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, ambaye alikuwa akisukuma viriba vya kupulizia kinanda upepo kwa mikono kabla ya mota ya umeme kufungwa, kinanda hiki hiki chenye mabomba elfu moja mia mbili na manne, kilichotuozesha na kutuzika kwa miaka tisini.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, akajifunza useremala, na tarehe 1 Februari 1968 akaajiriwa kutunza kinanda, kazi aliyoifanya miaka hamsini na mitano, akipanda ngazi kila Jumamosi kusawazisha sauti za mabomba, moja baada ya jingine.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, yeye na mkewe wakajaliwa binti mmoja, aliyeomba kufundishwa kazi hiyo tangu akiwa na miaka kumi, akajibiwa kuwa sikio halirithiwi. Tuseme ukweli, kaka alikuwa na kichwa kigumu.

Uzee ulipomnyang'anya uwezo wa kusikia sauti nyembamba, hakumwambia mtu, na Pasaka ya mwaka 2021 akayapandisha sauti mabomba madogo kupita kiasi, lakini wanakwaya, kwa heshima, wakapandisha sauti kumfuata ili asiaibike, na kwa miaka miwili tukaimba hivyo hivyo, koo zikituwasha, mbele ya Mungu na watu. Binti yake ndiye aliyethubutu kumwambia, marehemu akanuna mwezi mzima, kisha asubuhi moja akamwekea ufunguo wa kinanda mezani.

Aligundulika kuwa na maradhi ya figo Januari 2024. Jumamosi tarehe 8 Juni tulimbeba kwa kiti hadi humu, binti akapiga kinanda alichokisawazisha peke yake, kwaya ikaimba, naye akasema kiko sawa, na alipoulizwa amejuaje ilhali sauti nyembamba hazisikii, akajibu kwamba amewatazama wanakwaya usoni, na safari hii hakuna aliyemwonea huruma. Tulilia wote, akatukemea.

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumuuguza, mafundi wenzake, na ninyi wanakwaya, kwa miaka miwili mliyomhurumia, na zaidi kwa siku ile mliyoacha.

Kazi umeikabidhi, kaka, pumzika kwa amani.