Ndesanjo Nathanaeli Kaaya, Mpishi wa Mlimani na Baharini

Mpendwa wetu Ndesanjo alizaliwa Kikwe tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa Mzee Nathanaeli na Bi. Kandida. Alimaliza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1986, kisha akajifunza upishi mjini Arusha.

Kwa miaka mingi aliwapikia wageni wanaopanda Mlima Meru. Mwaka 2009 mgeni mmoja aliyenogewa na supu yake alimwajiri kwenye mashua yake ya matanga, iliyokuwa ikivuka bahari kuu. Ndesanjo hakujua kuogelea. Alipika akiwa amejifunga mkanda, na sufuria zimefungwa jikoni, maana sakafu haikutulia. Mle ndani walikuwa wanne, lakini kwa sababu ya zamu za usukani, huyu akiamka yule amelala. Upweke ulimtafuna. Ili asisahau Kimeru, aliongea na mkungu wa ndizi ulioning'inia jikoni. Ndizi zilipokwisha, akahamia kwa vitunguu. Alisema vitunguu angalau vilimliza.

Alifunga ndoa na Lilian tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa mtoto mmoja, Frederick.

Juni 2014 mama yake alifariki, yeye akiwa katikati ya Atlantiki. Upepo haukuruhusu mashua kugeuka. Kwetu kila mtoto hutia udongo kwenye kaburi la mzazi, hivyo alimpigia dada yake Tabea kwa simu ya setilaiti: "Dada, mwambie baba mdogo msimalize udongo. Mniachie wangu."

Baba mdogo Abdiel alijaza karai, akalifunika kwa majani ya mgomba. Ndesanjo alifika Agosti, akapita bila kusalimia mtu, akautia udongo kaburini kwa mikono huku akilia. Hakurudi tena baharini. Alifungua mgahawa mtaa wa Sakina, Arusha, na huko nako alifunga sufuria kwa kamba, ingawa sakafu ya saruji haiendi popote.

Aliugua figo tangu 2022, akafariki hospitalini tarehe 11 Februari 2025. Siku za mwisho aliuliza jambo moja tu: "Fredi amefika wapi?" Frederick alirithi kazi ya baba, ni mpishi wa mashua, na sasa yuko njiani kwenda Brazili. Habari amezipata juzi.

"Shangazi," alimwambia Tabea, "baba aliwaambia kuhusu udongo wangu?"

Alishatuambia.

Ameacha mjane, mtoto mmoja na dada. Tukimaliza kufukia, karai litabaki pale chini ya mgomba. Wapendwa, tunaomba msiliguse. Pumzika kwa amani, Ndesanjo. Tutalilinda mpaka afike.